Vifaranga wa Sebuleni

Kila asubuhi Msusi alifungua mlango wa mbele na kuuwekea tofali usijifunge. Alifagia sebule. Kisha alipanga vitana, nyuzi na kopo la mafuta juu ya meza ndogo. Sebule ile ndiyo ilikuwa saluni yake. Mteja alikaa kwenye kigoda, na Msusi akakaa nyuma yake kwenye kiti. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mdomo wake mwepesi vilevile. Watu walisema ukienda kwake unarudi na nywele nzuri na habari zote za mtaa.

Lakini mwaka ule Msusi alikuwa amepunguza maneno.

Mume wake alikuwa ndani, kwenye kiti cha magurudumu. Watu walimwita Mapovu, kwa sababu alikuwa mpiga mbizi. Kwa miaka mingi alizama baharini kukamata samaki wa rangi nzuri wakiwa hai. Mfanyabiashara mmoja aliwanunua na kuwauza kwa watu wanaofuga samaki ndani ya vioo. Siku moja, Mapovu akiwa chini sana, mpira uliomletea hewa kutoka kwenye mashua ulikatika. Akapanda juu mbio.

Mtu aliyekaa chini sana hapaswi kupanda mbio. Hewa iliyoingia mwilini mwake hugeuka mapovu ndani ya damu, kama soda inapofunguliwa. Hospitali waliokoa maisha ya Mapovu. Miguu hawakuiweza. Tangu hapo Msusi hakupenda tena kulisikia jina lile la utani, lakini lilikuwa limeshamganda mumewe.

Kwenye kona ya sebule palikuwa na tangi la kioo. Zamani Mapovu aliwaweka humo samaki kabla ya kuwauza. Sasa walibaki wawili tu. Walikuwa wadogo, rangi ya machungwa, na kila mmoja alikuwa na mistari mitatu myeupe. Nyumbani waliwaita Machungwa. Walikaa ndani ya chungu cha maua kilichovunjika mdomo, kimelazwa ubavu chini ya maji.

Jioni moja mdogo wake Mapovu alikuja kula. Alikuwa kijana mwenye nguvu, mbebaji mizigo sokoni, na kila kitu alikifanya kwa haraka. Kwa hiyo walimwita Chapchap. Alikula haraka, akanawa haraka, kisha akasema:

"Shemeji, nimeongea na yule nahodha wa kaka. Mashua iko kwa fundi. Ikitoka tu, naingia majini. Nachukua nafasi ya kaka."

Mkono wa Msusi ulisimama juu ya sufuria.

"Nafasi ipi?"

"Ya kazi, shemeji. Ipi tena?"

"Nafasi ya kaka yako ni ile pale," alisema Msusi, akaonyesha kiti cha magurudumu.

Chapchap alisimama. "Usiniombee mabaya!"

"Sikuombei. Nakuonyesha."

"Kwani hapa tunaishije? Wewe unasuka kutwa mpaka vidole vinavimba. Mimi nabeba magunia ya watu. Bahari inalipa."

"Imeshatulipa," alisema Msusi.

Mapovu aligeuza kiti chake akawapa kisogo, akawa anatazama samaki.

*

Siku iliyofuata alikuja mteja ambaye hakuwahi kusukwa pale. Alikuwa mama mtu mzima, jirani wa nyuma ya nyumba yao. Alikuwa amestaafu kazi katika kituo cha kukuza samaki. Huko alipima chumvi ya maji kila asubuhi kwa miaka mingi, na wenzake wakamwita Mama Chumvi. Mtaani watu walidhani ni kwa sababu ya mapishi yake, na waliokula kwake waliona jina linamfaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisuke tu nyuzi zilale nyuma. Usinivute sana, kichwa changu hakina ujasiri."

Alikaa kwenye kigoda, uso umeelekea tangi. Msusi alianza kazi. Kitambo kikapita. Ghafla Mama Chumvi akasogeza kichwa mbele, na msuko ukamponyoka Msusi mkononi.

"Hawa wana mayai," alisema Mama Chumvi.

"Ah, hayo. Wanataga mara kwa mara. Halafu yanapotea. Tunadhani wanayala."

"Mara za kwanza huyala kweli, maana bado ni wageni wa kazi hiyo. Lakini haya hawajayala. Njoo uone."

Msusi alipiga magoti karibu na kioo. Ndani ya chungu kulikuwa na mayai mengi sana, madogo, yamejipanga kama punje. Kila yai lilikuwa na vidoa viwili vinavyong'aa. Yule samaki mdogo zaidi alikuwa akiyapepea kwa mapezi yake bila kupumzika.

"Vile vidoa ni macho," alisema Mama Chumvi. "Huyo anayepepea ndiye baba. Yule mkubwa ni mama. Kwa samaki hawa, baba ndiye mlezi wa mayai. Anayapepea yapate hewa, anaondoa yaliyooza. Vifaranga watatoka leo au kesho, giza likishaingia. Na asubuhi hutamkuta hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Wengine watavutwa na mashine ya kuchuja maji. Wengine wataliwa. Waliobaki watakufa njaa."

"Unasema kama mtu anayeleta habari za msiba, mama."

"Mamia wanakufa humu kila mara, mwanangu. Unataka niseme kama mtu wa harusini?"

Magurudumu yalisikika mlangoni. Mapovu alikuwa amesogea bila wao kumwona.

"Wanaweza kuishi?" aliuliza.

"Wanaweza. Nimewalea mimi. Lakini hawaishi kwa bahati. Wanataka kulelewa kama mtoto mchanga."

"Na wakikua, wananunuliwa?" Msusi aliuliza haraka.

"Wananunuliwa sana. Wa baharini wengi hufa njiani. Wanatiwa hofu, wanakataa chakula. Waliozaliwa nyumbani wamezoea kioo na wamezoea kulishwa."

Mapovu alitikisa kichwa polepole. "Nawajua wa baharini. Niliwaona wakifa. Na kule chini kuna miamba niliyoikuta imejaa, nikaiacha mitupu."

Msusi akasema, "Basi hawa wa leo tuwaokoe."

"Hawa wa leo hatutawaokoa," alisema Mama Chumvi.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Huna chakula chao. Mdomo wa kifaranga ni mdogo kuliko tundu la sindano yako. Anakula wanyama wadogo sana wa majini, wanaitwa rotifa. Kwa macho utaona kama vumbi linalotembea. Rotifa nao wanakula maji ya kijani, yaani mimea midogo sana ya bahari. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasubiri vifaranga watoke, ndipo wanaanza kutafuta chakula. Sisi tutaanza na chakula."

"Sisi?" Msusi alishangaa.

"Nimestaafu, mwanangu, na nyumba yangu ina kimya kingi. Malizia kichwa changu kwanza."

*

Mama Chumvi alirudi kwenye kituo chake cha zamani, akaomba chupa mbili. Moja ilikuwa ya maji ya kijani. Nyingine ilikuwa ya rotifa. Wakaweka maji ya kijani katika chupa za kioo dirishani, mahali penye mwanga, na kila chupa ikatiwa mpira mwembamba wa hewa kutoka kwenye pampu. Rotifa wakatiwa kwenye ndoo yao, wakawa wanalishwa maji ya kijani kidogo kidogo.

Msusi alitafuta tangi jingine dogo. Mama Chumvi akalifunika pande zote kwa karatasi nyeusi.

"Mbona unalivisha nguo za msiba?" aliuliza Msusi.

"Kifaranga hufuata mwanga. Mwanga ukiingia kila upande, anagonga kichwa kwenye kioo mpaka anakufa. Kukiwa na giza pembeni na mwanga kidogo juu, anakaa katikati na anaona chakula chake."

Samaki wakubwa nao walipata matunzo mapya. Walilishwa kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, chakula cha aina mbalimbali. Sehemu ya maji yao ilibadilishwa kila wiki. Machungwa wakataga tena.

Mayai yalikuwa ya rangi ya machungwa. Siku zilivyokwenda yakawa meusi kidogo, halafu macho yakang'aa. Jioni hiyo Mama Chumvi alikihamisha chungu kwenye tangi dogo, kikiwa kimezama ndani ya beseni ili mayai yasiguse hewa. Tangi lile lilikuwa na maji yaleyale ya wazazi. Akaweka mpira wa hewa chini ya mayai.

"Baba yao hayupo hapa," alisema. "Haya mapovu ndiyo yatapepea badala yake."

Msusi alimtupia mumewe jicho.

Wakazima taa, wakafunika tangi, wakangoja. Baadaye Mama Chumvi aliwasha tochi kidogo tu. Maji yalijaa vitu vidogo vinavyotetemeka, kama vipande vya uzi vyenye macho.

Msusi aliziba mdomo kwa mkono. "Wako hai," alinong'ona. "Wote hawa wako hai."

Furaha ile haikudumu. Msusi aliwahamishia rotifa ndoo kubwa zaidi, na siku ya pili maji ya ndoo hiyo yalikuwa matupu. Vumbi halikutembea tena. Vifaranga wakaanza kudhoofika, na kesho yake asubuhi walikuwa wamelala chini ya tangi, weupe. Hakubaki hata mmoja.

Mama Chumvi alipofika aliinama kwenye ndoo, akanusa.

"Ndoo hii ilikuwa ya kazi gani?"

"Ya kuoshea nywele za wateja. Lakini niliisuuza, mama! Niliisuuza mpaka mikono ikakunjamana."

"Plastiki hushika sabuni. Wewe huioni, lakini rotifa anaisikia. Wamekufa wao, na watoto wakakosa chakula. Vyombo vya samaki viwe vya samaki tu. Hata mikono uisuuze kwa maji matupu, isiwe na sabuni wala mafuta ya nywele."

Msusi aliketi sakafuni.

"Jikaze, mwanangu."

"Nijikaze kisabuni?" alisema Msusi. Alitaka kucheka. Kicheko kikageuka kilio, na hakulia kwa ajili ya samaki peke yao. Mama Chumvi alilijua hilo. Akakaa naye sakafuni, akamwacha alie.

Walikuwa bado wamekaa pale Chapchap alipoingia, macho yanang'aa.

"Mashua imetoka kwa fundi," alisema. "Kesho alfajiri tunaondoka."

*

Alfajiri Chapchap alikuja kuchukua miwani ya kuzamia ya kaka yake. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba. Msusi alikuwa jikoni akichemsha maji. Hakutaka kumwona.

"Kabla hujaenda, mdogo wangu, nisaidie," Mapovu alisema kutoka kitandani.

"Nimwite shemeji?"

"Hapana. Leo nakutaka wewe."

Msusi alisikia kila neno kupitia mlango. Mikono yake ilitulia juu ya birika.

"Chini ya kitanda kuna mfuko umeunganishwa na mpira. Ni mkojo wangu. Mwaga chooni, halafu urudi."

Chapchap alikwenda, akarudi.

"Sasa nigeuze. Taratibu. Shika kiuno, mimi sina nguvu huko. Vua nguo hiyo. Mimi sijui kama nimechafuka, lazima mtu aangalie. Nimechafuka?"

Kitanda kikalia kidogo.

"Nimechafuka?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi nioshe. Maji ya uvuguvugu yako kwenye beseni, shemeji yako ameshayaweka."

Msusi alisikia kitambaa kikikamuliwa. Kikakamuliwa tena. Kisha sauti ya Chapchap, ndogo kama ya mtoto:

"Kaka, hiki kidonda ni cha nini?"

"Cha kulala upande mmoja. Mwili hausikii, kwa hiyo haujui kujigeuza."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Ndiyo shida yake. Kingekuwa kinauma ningejua mapema."

Maji yakamwagika kidogo sakafuni.

"Shemeji yako anafanya hivi asubuhi na jioni," Mapovu aliendelea. "Tulikuficha. Nilitaka uendelee kuniona kama zamani. Sikukatazi kwenda, we ni mtu mzima. Miwani ile pale, ichukue. Ila uende ukiwa umeiona kazi yote, mpaka mwisho wake."

Chapchap alitoka mikono ya shati ikiwa imelowa. Akapita jikoni bila kumtazama Msusi. Akaketi kwenye ngazi ya mlango wa mbele, kichwa mikononi. Miwani hakuichukua.

Haukupita muda nahodha akafika mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali.

"Wewe! Watu wako ndani ya mashua. Twende."

"Nisamehe, nahodha. Siji."

"Ulinipa neno."

"Nilikupa. Nalichukua."

Nahodha alifungua mdomo kufoka. Ndipo akamwona Mapovu, aliyekuwa ameshakalishwa kwenye kiti, anamtazama kutoka sebuleni. Nahodha hakuwahi kufika pale tangu ajali. Akainamisha macho. Akageuka, akaenda zake.

Chapchap akauliza bila kugeuka:

"Sasa mimi nifanye nini, shemeji? Nisuke?"

"Kwa vidole hivyo? Utawaachia watu vipara," alisema Msusi. "Chukua madumu. Tunahitaji maji safi ya bahari, mbali na mifereji ya maji machafu. Na madumu usiyaoshe kwa sabuni."

*

Safari hii walijipanga vizuri zaidi. Chapchap alileta maji, akayachuja kwa kitambaa kizito. Alitunza rotifa wapya walioombwa tena kituoni, na Mama Chumvi akamfundisha kuwaweka katika ndoo mbili tofauti.

"Moja ikiharibika, nyingine ipo," alimwambia. "Na usiwape chakula kingi kwa kuwa una haraka ya kumaliza. Maji yakinuka, wamekufa."

Chapchap aliyezoea kukimbia alijifunza kumimina kikombe kidogo taratibu, akihesabu pumzi zake.

Mapovu alipewa kazi ya mayai. Alikaa mbele ya kioo tangu asubuhi. Aliwaambia wenzake rangi imebadilikaje, na baba wa mayai anakulaje. Dirishani aliweka kipimo cha chumvi. Maji ya tangi yakipungua, ni maji tu yanayokauka, chumvi inabaki na maji yanazidi kuwa makali. Kwa hiyo aliongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo. Maji ya bomba aliyaacha kwanza yakae na kupigwa hewa, ili dawa ya bomba itoke.

"Nilidhani nawajua samaki hawa," alimwambia Msusi siku moja. "Nilijua kuwakamata tu."

Vifaranga wakatoka tena, giza lilipoingia. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Walikusanyika wanne kuzunguka tangi, kama watu walio kando ya kitanda cha mgonjwa.

Wakatia maji ya kijani mpaka tangi likawa kama chai ya majani mabichi. Wakatia rotifa. Mama Chumvi alieleza kwamba kifaranga hana nguvu ya kufukuza chakula mbali, kwa hiyo chakula lazima kimzunguke pande zote. Maji ya kijani huwalisha rotifa wenyewe humohumo. Mapovu ya hewa yalipanda polepole sana. Yakiwa makali, vifaranga hupigwa huku na huku na kufa.

Kila asubuhi Chapchap alivuta uchafu wa chini kwa mpira mwembamba. Kila asubuhi kulikuwa na waliokufa. Mapovu alitaka kuwaona kabla hawajamwagwa.

"Unajitesa," Msusi alimwambia.

"Nataka kujua wamekufa kwa nini. Tumbo likiwa tupu, ni chakula. Likiwa limejaa, ni maji."

Siku moja mchana umeme ulikatika. Hewa ikakoma. Walikuwa na pampu ndogo ya betri, Mama Chumvi alikuwa amewasisitizia wainunue. Waliiweka kwa vifaranga. Samaki wakubwa wakabaki bila hewa. Mapovu akasogeza kiti chake, akachota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu. Akachota, akamimina. Mikono yake ilikuwa bado ya mpiga mbizi, mipana, yenye misuli. Mteja wa Msusi alisukwa kichwa kizima, akalipa, akaondoka. Mapovu alikuwa bado anachota. Umeme uliporudi hakuweza kuinua mkono hata kunywa maji. Msusi alimshikia kikombe.

"Pumzika sasa," alimwambia.

"Nimechoka," alisema Mapovu, na kwa mara ya kwanza tangu ajali alilitamka neno lile kwa fahari.

Wiki ilipopita, Mama Chumvi alileta mayai makavu ya artemia. Artemia ni aina ya kamba wadogo sana. Mayai yake yakitiwa kwenye maji ya chumvi yenye hewa, hutoa watoto baada ya siku moja hivi.

"Kwa nini hatukuwapa hawa tangu mwanzo?" Chapchap aliuliza. "Wananunulika dukani!"

"Ni wakubwa mno kwa mdomo wa siku ya kwanza. Ukimpa mapema anashindwa, au anapaliwa. Na hata sasa usikatize rotifa ghafla. Changanya vyote viwili mpaka wote wajue kula kipya."

Hizo ndizo zilikuwa siku ngumu kuliko zote. Kifaranga hubadilika mwili, na wengi hawavuki hapo. Waliokufa waliongezeka. Chapchap alisema chinichini kwamba labda ni kama safari ile ya ndoo. Msusi alisuka bila kuzungumza. Mama Chumvi alikuja, akatazama, akapunguza mwanga kidogo, akaondoka bila kutoa ahadi.

Asubuhi moja Msusi alikuwa anapanga vitana alipomsikia mumewe.

"Njooni."

Alikimbia. Chapchap alitoka uani na dumu mkononi. Chini ya tangi, karibu na kigae kidogo, kulikuwa na vifaranga waliokuwa wameacha kuelea ovyo. Walikuwa wanaogelea kwa makusudi, kama samaki wakubwa. Rangi ya machungwa ilikuwa imeanza kuwaingia. Na nyuma ya jicho la mmoja wao palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi.

Mapovu aliweka kidole kwenye ukingo wa kioo. Msusi aliweka mkono begani kwake, na walikaa hivyo mpaka mteja wa kwanza alipobisha hodi.

*

Hawakubaki wote. Hata nusu hawakubaki. Lakini waliobaki walikua. Miezi ilipita, wakahamishiwa tangi kubwa, wakagawanywa kwa ukubwa ili wakubwa wasiwanyanyase wadogo. Walipofikia urefu wa kidole gumba, yule mfanyabiashara wa samaki aliitwa.

Aliwatazama kwa mashaka. "Wa nyumbani? Mimi wateja wangu wanataka samaki wa bahari."

"Weka mkono juu ya maji," Mapovu alimwambia.

Mfanyabiashara aliweka mkono. Samaki wote walikuja juu, midomo wazi, wakitafuta chakula. Wa baharini wangekimbilia pembeni. Mfanyabiashara aliwachukua bila maneno zaidi.

Baada ya muda alirudi. Hakuna hata mmoja aliyemfia njiani. Alitaka wengine, na alitaka kila mara.

Maisha yakabadilika, si kwa kishindo. Msusi aliendelea kusuka, lakini si mpaka vidole vivimbe. Walinunua godoro maalumu la hewa, na kidonda cha Mapovu kikaanza kufunga. Chapchap aliacha magunia. Sasa ndiye aliyemwosha kaka yake asubuhi, na Msusi alifanya jioni.

Siku moja, sebule ikiwa na wateja wawili, kivuli kipana kilizuia mlango. Alikuwa nahodha. Alivua kofia. Sauti yake kubwa hakuja nayo.

Msusi alisimamisha kitana. Alikuwa amemwekea mtu huyu maneno mengi moyoni, na aliyajua yote kwa mpangilio.

"Habari za hapa," alisema nahodha.

"Salama," alijibu Mapovu.

"Nilipaswa kuja siku nyingi. Sikujua nitasema nini. Mpira ule ulikuwa wa mashua yangu."

Wateja walitazama sakafu.

"Mwanangu wa kwanza amemaliza shule," nahodha aliendelea. "Jana ameniambia anataka kushuka chini, akamate samaki. Nimetafuta la kumwambia, nimekosa. Nimesikia mnalea hapa." Alizungusha kofia mikononi. "Nifundishe, ndugu yangu. Nimfundishe na yeye."

Msusi alimtazama mumewe. Mapovu alikuwa amekaza taya. Mikono yake ilishika magurudumu kwa nguvu, na kwa muda ilionekana kama angegeuka aende chumbani na kufunga mlango.

Kisha alisogea kando ya matangi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kusimama.

"Kunja mikono ya shati," alisema. "Leo utaangalia tu. Kesho umlete mtoto."

Nahodha aliingia. Msusi aliyameza maneno yake yote, akavuta kigoda kingine kwa mguu, akamsogezea nahodha akae.